Nyuma ya Fomu

Kiwanja namba sita, Mtaa wa Stoo, Tukuyu.
Mvua haijakatika tangu Jumanne.
Ipyana anashika ncha ya futi kamba,
nami nasoma: mita kumi na moja na nusu,
matofali ya kuchoma, bati la zamani,
lile zito, linalopinda msumari.
Fomu inauliza: Mmiliki?
Imeacha mstari mmoja, mfupi kama kidole gumba.

Hapa Jivraj Kanji aliuza chumvi na mafuta ya taa,
akajifunza Kinyakyusa kwa kukopesha.
Daftari lake la madeni lipo bado darini.
Panya wamelila hadi herufi M,
na herufi M, huku kwetu, ni karibu watu wote.
Mwaka wa sabini na moja serikali ilichukua funguo.
Alipanda lori la viazi,
akashuka njia panda, akarudi kwa miguu
kufunga dirisha lililosahauliwa,
mvua isije ikalowesha sakafu
ambayo haikuwa yake tena.
Baada yake ushirika, baada ya ushirika pareto,
magunia hadi kwenye kenchi,
kisha kanisa lililodumu Jumapili tatu.
Sasa ni ndugu watatu wasiosemezana,
kila mmoja ametoboa mlango wake.
Niandike nani?

Namba saba ni ya Ambakisye Mwasumbi,
aliyerudi na Wenela mwaka wa hamsini na mbili
na koti, na kikohozi,
na vioo vinne vya dirisha
amevifunga kwenye blanketi kama watoto.
Watu walitembea kutoka Masoko
kuja kujitazama wakiwa nje na ndani kwa pamoja.
Kimoja kilipasuka siku ya msiba wake.
Mjukuu ameweka aluminiamu nyumba nzima,
ila vile vitatu kaviegemeza bafuni, ukutani.
Nikamuuliza, mbona huvitupi?
"Vilinunuliwa gizani," akasema,
akaendelea kuchaji simu.

Namba nane, hati inasema ya Lutengano Mwaipopo.
Ukuta unasema mengine.
Chumba cha mbele ni ndizi za mwaka wa uhuru.
Cha nyuma ni maziwa ya ng'ombe mmoja
aliyeitwa Shilingi.
Jiko, majani ya chai, kilo kwa kilo,
mgongoni mwa Subilaga, dada mtu.
Kaka alikuja siku ya sahihi tu,
kwa kuwa karani alitaka mwanamume.
Alivaa tai, akanywa chai vikombe viwili,
akaondoka na nyumba mfukoni.
Subilaga yupo. Anamenya magimbi kizingitini.
"Hicho kikamba chako, mwanangu, kinapima urefu tu?"
Urefu na upana, bibi.
"Haya. Pima."

Namba tisa haina nyumba.
Msingi wa mawe, na mpera umeota sebuleni.
Wapo wasemao ilikuwa ya Mjerumani,
wapo wasemao ya mkalimani wake,
mzee mmoja anaapa ni ya mpishi.
Wote wanakubaliana kuhusu mbwa:
alikuwa mweusi, alikataa kuhama.

Usiku nikageuza fomu zote nne.
Nyuma ni peupe, hakuna mistari.
Nikaandika kwa penseli, maana wino
kwenye unyevu huu hutambaa kama siafu:
chumvi, dirisha, kikohozi, magimbi, mbwa.
Niliandika mpaka mshumaa ukazama.

Wiki ya tatu, bahasha kutoka Mbeya.
*Nyuma ya fomu hakusomwi na mashine.
Jaza mstari.*

Nikajaza.
Mkubwa wa wale ndugu. Mjukuu. Lutengano.
Haijulikani.
Nikafuta nyuma, kama nilivyoagizwa.

Lakini nina mkono mzito, mama alinigombeza kwa hilo
tangu darasa la kwanza.
Ukiipata ile fomu ya namba nane,
pitisha kidole taratibu mbele,
pale penye jina la kaka.
Utamgusa ng'ombe.